Tathmini ya WandaVision: ubishi juu ya sehemu tatu za mwanzo

Tangu sehemu mbili za kwanza za WandaVision zilipotolewa kwa pamoja tarehe 15 Januari 2021, watazamaji wake wamegawanyika makundi mawili, na sioni dalili kwamba ubishi huo utaisha karibuni. Ukimtajia mtu jina la tamthilia hii, kabla hujamaliza sentensi atakuuliza ulivumilia mpaka sehemu ya ngapi. Wapo wanaosema kwamba mwanzo wake unajikokota, kwamba sehemu tatu nzima zinapita bila jambo la maana kutokea, na kwamba mtu mwenye shughuli zake aruke moja kwa moja hadi sehemu ya nne. Wapo wengine wanaodai kwamba asiyeupenda mwanzo hakuielewa tamthilia. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa sipendi namna wanavyowadharau wenzao, na katika tathmini hii nitaeleza kwa nini naziona sehemu zile tatu kuwa bora kuliko nyingi zinazozifuata, na ni wapi walalamikaji wana haki yao. Nitalazimika kufichua siri kadhaa za hadithi, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anataka kufumbua fumbo mwenyewe aishie hapa, arudi akishamaliza.

Kwa asiyeifahamu, hii ni tamthilia ya sehemu tisa iliyotengenezwa na Marvel Studios kwa ajili ya Disney+. Mbunifu wake na kiongozi wa waandishi ni Jac Schaeffer, na sehemu zote tisa ziliongozwa na Matt Shakman. Elizabeth Olsen anaigiza Wanda Maximoff, mwanamke mwenye uwezo wa kusogeza vitu bila kuvigusa na kuingia katika akili za watu, na Paul Bettany anaigiza Vision, kiumbe wa kuundwa ambaye Wanda alimpenda. Waliokuwa wakifuatilia filamu za Marvel walijua jambo moja zito kabla ya kubonyeza kitufe: Vision alikwisha kufa. Aliuawa katika Avengers: Infinity War ya mwaka 2018, Wanda akiwa pale pale. Sasa tamthilia inafunguka, naye Vision yuko hai, amevaa suti ya harusi, yuko garini na bibi harusi wake wanaingia katika mji mdogo wa Westview, New Jersey, huku wimbo wa furaha ukiimbwa. Picha ni nyeusi na nyeupe. Umbo la skrini ni la mraba mraba kama la televisheni za zamani. Kila mzaha unapotolewa, watu wasioonekana wanacheka. Hakuna anayeeleza chochote, na kwa karibu nusu saa nzima tatizo kubwa la mke na mume hawa ni kwamba bosi wa mume anakuja kula chakula cha jioni nao hawakujiandaa.

Naelewa vizuri kwa nini watu walikereka. Filamu ya mwisho ya Marvel kabla ya hapo ilitoka Julai 2019, na mwaka 2020 wote ulipita bila filamu hata moja kutoka kwao, kwa sababu janga la UVIKO-19 lilifunga majumba ya sinema na kuvuruga ratiba. Hata mpangilio wa tamthilia ulibadilika, maana ile iliyotarajiwa kutangulia, The Falcon and the Winter Soldier, yenye mbio na mapigano ya kawaida ya mashujaa, ilichelewa ikapitwa na hii. Watu walikuwa wamekaa na njaa kwa mwaka mmoja na nusu, wakasogea mezani wakitegemea pilau, wakawekewa kikombe cha chai. Chai ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyewaeleza kwamba ndiyo itakayotangulia.

Pamoja na hayo, nasimama na kikombe hicho, na nitaanza na ile meza ya chakula cha jioni yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonishika mimi na ndiyo iliyomshika shangazi yangu.

Nimeitazama tamthilia hii mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu. Mara ya pili ilikuwa sebuleni kwa shangazi, pamoja na mdogo wangu wa mwisho, ambaye anawajua mashujaa wa Marvel kwa majina, kwa mavazi na kwa mwaka wa kila filamu. Shangazi hamjui hata mmoja. Alikaa nasi kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na chai ilikuwa tayari, nami nikawa namtafsiria pale Kiingereza kilipokwenda mbio. Katika tukio lile, bosi wa Vision, Bwana Hart, ameketi mezani na mkewe, na katika mazungumzo ya kawaida ya wageni anawauliza wenyeji wake walikotoka, sababu ya kuhamia Westview, lini walioana, na mbona hawana watoto. Wanda na Vision wanatazamana. Hawajui. Wanajaribu kubuni jibu na hawalipati. Bosi anakasirika, anapiga meza, anarudia kuuliza kwa nini, na ghafla chakula kinamkwama kooni. Mkewe anamwambia aache, kwa sauti ya mtu anayechekelea utani wa mumewe. Anamwambia tena aache. Anaendelea kumwambia aache, tabasamu likiwa bado usoni, lakini macho yake yanamwelekea Wanda, na sasa haijulikani tena ni nani anayeombwa kuacha.

Hapo kicheko kinakatika. Kamera, ambayo kwa dakika zote zilizotangulia imekaa mbali kama mtu aliyeketi katika viti vya ukumbi, inasogea karibu na nyuso kwa pembe ambazo vichekesho vya zamani havikuzitumia. Wanda anamtazama mtu anayekufa mbele yake kwa muda mrefu kuliko ungalivyotarajia, kisha kwa sauti tulivu isiyo na mzaha wowote anamwambia mumewe amsaidie. Vision anapenyeza mkono kooni mwa bosi na kutoa tonge. Wote wanasimama, wageni wanashukuru kwa jioni nzuri, kicheko kinarudi. Wakati hayo yanatokea mdogo wangu alikuwa ameinamia simu akingoja mapigano. Shangazi aliweka kikombe chini akasema, «Huyo bwana kauliza asichotakiwa kuuliza.»

Sikumweleza lolote kuhusu hadithi. Lakini yeye alifiwa na mumewe miaka michache iliyopita, na jioni ile alituambia jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba baada ya mazishi aliendelea kwa miezi minane kulipia king'amuzi kifurushi cha mpira, yeye asiyetazama mpira, na kwamba siku kijana wa dukani alipomuuliza kwa nini asichukue kifurushi cha bei nafuu, alichukia hata akabadilisha duka. Ndiyo maana swali la Bwana Hart halikumpita. Fumbo la tamthilia hii si la kujua nani mwovu. Ni la mwanamke ambaye amejenga nyumba nzima, na mtaa mzima kuizunguka, ili asiulizwe swali moja, na kila mara mtu anapolikaribia swali hilo, dunia yake inatetemeka kidogo na kutulia. Hadithi ya namna hiyo haiwezi kuanza kwa kasi. Ikikimbia, kimya kati ya swali na jibu hakitasikika.

Wanaosema kwamba hakuna kinachotokea katika sehemu hizi nadhani wanatafuta matukio makubwa ilhali waandishi wameweka madogo na kuyapanga kwa uangalifu mkubwa. Katikati ya sehemu ya kwanza kuna tangazo la biashara la mashine ya kuchoma mkate iliyotengenezwa na kampuni ya Stark, na taa yake inawaka nyekundu, rangi pekee katika picha nzima, huku ikilia kwa mlio unaozidi kuharakisha. Mtu anaweza kuona ni mzaha tu. Lakini sehemu ya nane inatuonesha kombora la kampuni ile ile likiwa limelala bila kulipuka mbele ya watoto wawili chini ya kifusi, na taa yake inawaka na kuzima kwa rangi ile ile. Katika sehemu ya pili, helikopta ya kuchezea inaonekana kwenye maua ikiwa na rangi nyekundu na manjano katika ulimwengu usio na rangi. Sauti ya mtu inapenya redioni ikimuuliza Wanda ni nani anayemfanyia haya. Jirani aitwaye Dottie anakatwa na bilauri iliyopasuka mkononi, na damu inatoka nyekundu. Kisha usiku, mfuniko wa chemba barabarani unasogea, na mtu aliyevaa mavazi ya mfugaji nyuki anapanda juu na kumgeukia Wanda. Wanda anasema neno moja tu la kukataa, na picha inarudishwa nyuma kama kanda, mpaka pale ambapo mtu huyo hajatokea. Nimeona matukio ya kutisha yenye damu nyingi zaidi na fedha nyingi zaidi ambayo hayakunikaa kichwani kama neno hilo moja.

Kazi iliyofanywa kuupata mwendo huo wa kizamani inastahili heshima hata kwa asiyeupenda. Sehemu ya kwanza iliigizwa kweli mbele ya watazamaji walioketi studioni, na mafundi wenyewe walivaa nguo za miaka ya 1950 siku za kuirekodi. Vyombo vinavyoruka jikoni vilivutwa kwa nyuzi, kama ilivyofanywa zamani. Uso wa Bettany, ambao katika filamu za rangi ni mwekundu, ulipakwa buluu katika sehemu mbili za kwanza kwa sababu buluu ndiyo iliyoonekana sawasawa katika picha nyeusi na nyeupe. Shakman na Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, walikwenda kula na Dick Van Dyke mwenyewe, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani ya miaka ya 1960, ili wamuulize siri ya kipindi chake. Shakman anaufahamu ulimwengu huo kwa ndani, kwani aliwahi kuigiza katika kichekesho cha familia alipokuwa mtoto, na dada zake Olsen, wale pacha, walikulia katika kipindi cha aina hiyo hiyo. Haya yanaonekana. Olsen anaporusha mzaha anarusha kama mwigizaji wa enzi ile, kwa mabega na kwa nyusi, halafu anapokoma kuchekesha unaona mtu mwingine kabisa nyuma ya uso ule ule.

Hata hivyo kuna hoja moja ya walalamikaji ambayo kwetu sisi wa Afrika Mashariki ina uzito wa pekee, nami niliikubali kwa muda mrefu. Sehemu ya kwanza inaiga The Dick Van Dyke Show, ya pili inaiga Bewitched, na ya tatu, ambako rangi zimekwisha kuingia, inaiga The Brady Bunch. Mmarekani wa makamo akiiona ngazi ile ya sebuleni katika sehemu ya tatu anatabasamu kabla mtu hajasema neno, kwa sababu amekua nayo. Wengi wetu hatukukua nayo. Tulikua na filamu za Kihindi na za kung fu katika mabanda ya video, baadaye na filamu za Kinijeria, na nyingine nyingi tulizisikia kwa sauti ya mtafsiri aliyekuwa akisimulia juu ya maneno ya waigizaji. Kwetu, kuigwa kwa Bewitched hakuamshi kumbukumbu yoyote. Tunaona kitu cha zamani kinachoiga kitu kingine cha zamani tusichokijua, na dakika zinakuwa nzito zaidi kuliko zilivyo kwa waliokusudiwa.

Nilishikilia hoja hiyo mpaka nilipofika sehemu ya nane. Pale tunapelekwa Sokovia, nchi ya kubuniwa ya Ulaya Mashariki alikozaliwa Wanda, wakati wa vita. Baba yake anauza DVD za vipindi vya Kimarekani. Jioni familia inakaa pamoja mbele ya televisheni, na sharti ni moja, kwamba wakitazama wazungumze Kiingereza ili wajizoeze, maana wana ndoto ya kwenda Marekani. Wanda mdogo anachagua kipindi cha Dick Van Dyke. Wakiwa wanakitazama, bomu linaipiga nyumba, wazazi wanakufa, na kifusini televisheni inaendelea kuonesha kichekesho kile kile. Kwa hiyo Wanda si Mmarekani anayekumbuka utoto wake. Ni mtoto wa nchi nyingine aliyejifunza jinsi nyumba yenye amani inavyokuwa kutoka kwenye diski zilizouzwa na baba yake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video akaamini kwamba ng'ambo kila nyumba ina ngazi ndani na jokofu refu kuliko baba mwenye nyumba, anaifahamu Westview vizuri kuliko Mmarekani aliyeishi katika mtaa kama huo. Baada ya kuona hilo nilirudi kwenye sehemu ya kwanza, na mambo niliyoyahesabu kuwa ulegevu wa uandishi yaligeuka. Vision yuko ofisini anamuuliza mwenzake kampuni yao hasa inatengeneza nini au inauza nini, na mwenzake hawezi kumjibu. Bila shaka hawezi. Mtoto aliyekuwa akitazama kule Sokovia hakujua baba wa kwenye televisheni alifanya kazi gani. Alijua tu kwamba jioni alirudi nyumbani.

Sasa nitoe haki kwa upande wa pili, kwa sababu ipo. Mchezo wa kiinimacho katika sehemu ya pili, ambapo Vision amemeza ubani wa kutafuna ukaingia katika mitambo yake na kumfanya kama mlevi, ni mrefu kupita kiasi. Mzaha ni mmoja, unarudiwa mara tano au sita, na Wanda kila mara anatafuta hila ya kuuonesha umati kwamba uchawi wao ni wa kitapeli. Hapo ndipo mdogo wangu alipoondoka kwenda kununua vocha, na sikuwa na neno la kumzuia. Tukio la Dottie na bilauri limetangulia, la mfugaji nyuki linafuata, na katikati pamewekwa pengo ambalo lingeweza kukatwa nusu bila hasara.

Kosa la pili halikuwa la waandishi bali la ratiba. Siku ya kwanza zilitolewa sehemu mbili, kisha moja kila Ijumaa mpaka tarehe 5 Machi. Aliyeanza tarehe 15 Januari alisubiri hadi tarehe 29 ndipo apate sehemu ya nne yenye maelezo ya kwanza ya wazi. Siku 14 ni nyingi kwa mtu aliyepewa maswali matupu. Lakini zikipangwa pamoja, sehemu tatu za mwanzo hazifiki saa mbili; ni fupi kuliko filamu moja ya Avengers. Nadhani nusu ya ubishi wote ungekwisha kama zote tatu zingetolewa siku moja, kwa maana mwisho wa sehemu ya tatu ni mzuri mno. Wanda amejifungua pacha, jirani aitwaye Geraldine anataja kwa bahati mbaya jina la Ultron, aliyemuua kaka yake Wanda, na uso wa mama mwenye furaha unaganda. Tunachokiona baadaye ni Geraldine akitupwa nje ya mji usiku, na skrini ile ya mraba inapanuka taratibu kushoto na kulia mpaka kujaa, huku magari na askari wakimzunguka. Shangazi alishtuka hasa na skrini. Aliuliza kama televisheni yake imeharibika.

Halafu inakuja sehemu ya nne, ambayo wengi wanasema ndipo tamthilia inapoanza. Dakika zake za mwanzo ni za ajabu kweli: Monica Rambeau, ambaye ndiye Geraldine, aliyeigizwa na Teyonah Parris, anarejea kutoka katika kutoweka kwa nusu ya viumbe kulikotokea katika filamu zilizotangulia, anaibuka vumbi kwa vumbi kwenye kiti kando ya kitanda cha hospitali alikokuwa akimuuguza mama yake, anatoka kwenye korido iliyojaa watu wanaoibuka na kulia, na anaambiwa kwamba miaka mitano imepita na mama amekwisha kufa. Lakini baada ya hapo sehemu hiyo inakuwa kikao cha maelezo. Mwanasayansi Darcy na mpelelezi wa FBI Jimmy Woo, walioko nje ya mji, wanakaa mbele ya televisheni kuukuu wakitazama sehemu zile tulizokwisha kuziona, na wanaandika ubaoni maswali yale yale tuliyokuwa nayo. Nani alikuwa redioni? Jimmy. Helikopta ilikuwa nini? Chombo kidogo cha upelelezi kilichorushwa kuingia mjini. Mfugaji nyuki je? Askari aliyepita kwenye mtaro wa majitaka. Kila fumbo la sehemu ya pili linapewa jibu lake, na kila jibu ni dogo kuliko fumbo lilivyokuwa. Wanda, ambaye hadithi ni yake, karibu hayupo. Walioipenda waliipenda kwa sababu iliwaondolea wasiwasi, na sidharau hilo, ila kuondolewa wasiwasi si sawa na kusimuliwa vizuri.

Ubishi juu ya kasi uliambatana na mchezo wa kubahatisha, na mchezo huo uliwadhuru watazamaji kuliko polepole yenyewe. Kwa wiki nane watu walitafuta shetani Mephisto wa vitabu vya katuni kila pembe: katika jina la mtaa, katika kipepeo, katika kauli za Agnes, jirani wa Wanda. Mephisto hakutokea. Evan Peters, aliyewahi kuigiza kaka mwenye kasi wa filamu za X-Men zilizotengenezwa na kampuni nyingine, alipogonga mlango mwisho wa sehemu ya tano akajitambulisha kuwa kaka yake Wanda, watu waliamini kwamba dunia mbili za filamu zimeungana. Mwishoni akawa mkazi tu wa mji, aitwaye Ralph. Kwa hili nawalaumu watengenezaji waziwazi. Hawakulazimika kumchukua mwigizaji yule, na walipomchukua walijua watu watafikiri nini. Fumbo linalofumbuliwa kwa kumwambia mtazamaji kwamba hakupaswa kulifikiria linamkosea adabu. Lilinisikitisha zaidi kwa sababu matangazo ya biashara yaliyowekwa ndani ya sehemu yalionesha njia bora, maana kila moja liligusa jeraha la kweli la Wanda, likiwemo lile la karatasi za kufutia zinazoitwa Lagos, zinazouzwa kwa ajili ya uchafu ambao hukukusudia kuufanya. Lagos ndiko watu walikokufa kwa mlipuko alioushindwa Wanda katika Captain America: Civil War. Tangazo ni fupi, halielezwi na mtu, na linachoma.

Na ikiwa tunazungumzia kasi, basi lawama yangu kubwa ni juu ya mwisho, si mwanzo. Sehemu ya tisa imesahau subira yote. Wanda na Agatha, mchawi aliyekuwa amejificha kwa jina la Agnes, aliyeigizwa na Kathryn Hahn kwa raha na ukali wa kupendeza, wanaruka angani wakirushiana mipira ya mwanga ya zambarau na nyekundu, jambo ambalo tumeliona katika filamu kumi. Katikati ya vurugu hizo mna matukio mawili yaliyostahili sehemu nzima kila moja. La kwanza ni Vision wawili, mmoja aliyeumbwa na uchawi wa Wanda na mwingine aliyefufuliwa kutoka mwili wake wa zamani, wanaopigana hadi maktaba, kisha wanaacha kupigana na kujadiliana: merikebu ikibadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka isibaki hata mmoja wa zamani, je, ni merikebu ile ile? Pambano linaisha kwa hoja. La pili ni wakazi wa Westview, ambao akili zao Wanda alikuwa amezishika ili waigize katika dunia yake, kuamshwa na kumzunguka barabarani, wakimweleza kwamba usiku wanaota jinamizi zake, na Dottie, ambaye jina lake halisi ni Sarah, akimsihi amruhusu binti yake wa miaka minane atoke chumbani, hata kama ni kupewa nafasi katika hadithi. Ombi hilo ni la kutisha kuliko Agatha na uchawi wake wote. Tamthilia inalipatia ombi hilo dakika chache, kisha Monica anamwambia Wanda kwamba watu wale hawatajua kamwe alichojinyima kwa ajili yao. Nilitamani mtu mmoja wa mji ule apewe nafasi ya kujibu.

Kazi hii iliteuliwa kuwania tuzo 23 za Emmy mwaka 2021 na ikashinda tatu: ya wimbo, ya mavazi, na ya ubunifu wa mandhari. Mavazi na mandhari ni mambo ambayo sehemu za mwanzo ziliyategemea kuliko nyingine zozote, na mtu akizitazama kwa utulivu ataona kwa nini.

Kwa atakayeitazama sasa, wakati hakuna tena Ijumaa ya kungojewa, nashauri atenge jioni moja kwa sehemu tatu za kwanza bila kukatiza, simu ikiwa mbali, na asisome makisio ya mtu yeyote. Akichoka kwenye kiinimacho, asimame anyooshe miguu, ila awe amerudi kabla mfuniko wa chemba haujasogea. Asiyewahi kuona filamu za Marvel anahitaji kujua mambo matatu tu: kwamba Vision amekufa, kwamba Wanda alifiwa na wazazi na kaka, na kwamba nusu ya viumbe walitoweka kwa miaka mitano wakarudi. Mengine atapewa, na shangazi yangu ni shahidi.

Nilimwonesha pia jambo moja nililoliona mara ya pili tu. Mmoja wa mizaha ya mwanzo ya tamthilia ni kwamba kwenye kalenda ya jikoni siku hiyo imechorewa moyo, na wala mke wala mume hakumbuki moyo ule una maana gani. Ndiyo sababu wanachanganya wageni wa bosi na sherehe ya ndoa. Katika sehemu ya nane, Wanda anafika Westview peke yake na kuegesha gari mbele ya kiwanja kitupu. Anafungua hati ya kiwanja hicho. Vision alikuwa amekinunua, na juu ya ramani yake alichora moyo na kuandika kwamba ni pa kuzeekea wote wawili. Sehemu ya kwanza ni ya karibu nusu saa, na kalenda ile inaonekana mapema sana; itazame vizuri.